Nyuma ya kilima: shajara ya kipindi chetu cha sumukuvu, Chamwino

Shajara hii nilikuwa naiandika kila nikirudi kutoka vijijini. Mara nyingine usiku uleule, mara nyingine baada ya siku tatu, nikiwa nimeshasahau nusu. Mradi wenyewe ni mdogo: vipindi 12 vya redio vya dakika 20 kila kimoja, kuhusu kuvuna, kukausha na kuhifadhi mahindi na karanga visiingiwe na sumukuvu, yaani sumu inayoachwa na kuvu kwenye nafaka. Tuna vikundi sita vya wasikilizaji, vyote Wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma. Sisi ni watatu: mimi, mtangazaji ambaye kila mtu anamwita Dada hata wazee waliomzidi miaka 30, na kijana wa kuhariri sauti. Bwana Shamba wa kata ni wa nne, ila yeye ana mwajiri wake na pikipiki yake haina mafuta.

3 Aprili

Kikao na mfadhili. Kauliza kwa nini sumukuvu, kwa nini si bei ya alizeti au mbegu bora za mtama, vitu ambavyo watu huvipigia simu redioni wenyewe. Nikamrudisha 2016. Kati ya Mei na Novemba mwaka ule, watu 68 wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, 20 wakafa. Macho ya njano, matumbo yamejaa, kutapika. Mwanzoni ukasemwa ni ugonjwa usiojulikana, na kila kijiji kikawa na maelezo yake, mengine ya kishirikina. Kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye ghala.

Ugumu wa kuieleza ni huu: kuvu waweza kumwona, sumu anayoiacha huioni. Haina rangi, haina harufu, haina ladha, na moto wa jikoni hauiondoi, hata ugali uusonge mpaka ukoko uwe mweusi. Ukimpelekea mtu bango lenye picha ya hindi lililoota ukungu atakwambia langu haliko hivyo, na atakuwa anasema kweli. Ndiyo maana nimeng'ang'ania redio. Kitu kisichoonekana kinahitaji kusimuliwa.

Mchana tukaenda kijiji cha kwanza kuuliza saa ya kipindi. Wanaume wakawahi kujibu: saa mbili usiku, pale taarifa ya habari inapoanza. Wote wakaafiki. Nikashika kalamu niandike. Mama mmoja aliyekaa pembeni, mtoto mgongoni, akaniita.

"Mwanangu, umeuliza vibaya. Redio ya kwangu inatoka na baba asubuhi, inarudi naye usiku. Usiulize watu wanasikiliza saa ngapi. Uliza redio inashinda wapi."

Tukauliza. Redio inashinda kijiweni, chini ya mkwaju, pamoja na bao. Kukausha, kupeta, kuchagua na kuweka ghalani ni kazi ya wanawake kwa sehemu kubwa, na wao redio hawana. Siku pekee inayobaki nyumbani ni siku ya mnada, kwa kuwa baba anaogopa kuibiwa kwenye msongamano. Kwa hiyo kipindi ni Alhamisi saa tatu usiku, wakati baba kasharudi, na marudio ni Jumamosi saa nne asubuhi, siku ya mnada kwa vijiji vitatu kati ya sita. Vijiji vingine vitatu mnada wao ni siku nyingine. Hakuna cha kufanya hapo.

11 Aprili

Leo kupima mawimbi. Vifaa: pikipiki ya kukodi na redio ndogo niliyoivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Kila tukisimama naandika: safi, inakwaruza, hakuna.

Vijiji vitano ni safi. Cha sita kiko nyuma ya kilima, na FM haijui kuzunguka kilima. Inakwenda kama mwanga wa tochi: palipo na kizuizi pana kivuli. Zamani matangazo ya masafa ya kati na masafa mafupi yalifika mbali hata kama sauti ilikuja inapanda na kushuka kama mtu anayeongea ndani ya upepo. Siku hizi sauti ni safi kama maji ya chupa, ila ukiwa kivulini huna hata hiyo ya kukwaruza. Niliposimama juu ya kichuguu nikapata nusu sentensi ya tangazo la msiba, marehemu simjui, nikateremka.

Kijiji hiki nitakiita Nyuma ya Kilima, maana sijawaomba ruhusa ya kuandika jina lao. Watoto walikuwa kwenye uwele na kombeo, wanafukuza kwelea kwelea. Mmoja alikuwa na redio ya Kichina kiunoni, muziki unalia. Nikashangaa: mbona inashika? Akaitoa akanionyesha ubavuni. Kadi ya kumbukumbu. "Hii hatutumii kushika, mjomba. Tunatumia kupiga."

19 Aprili

Barua pepe ya mfadhili. Anasema Nyuma ya Kilima nikiache. Kisihudumiwe kabisa, kiwe kijiji cha kulinganishia.

Si ushauri wa kijinga. Msimu ukiisha, nikikuta watu wa vijiji vitano wamekausha vizuri, nitajuaje kuwa ni kipindi? Labda jua lilikuwa kali tu na mvua ikawahi kukatika. Nitajipongeza kwa kazi ya jua.

Lakini sisi wa Dodoma tumeshawahi kuwa watu wa kulinganishia. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilipoanza mchezo wa Twende na Wakati, wa uzazi wa mpango na UKIMWI, nchi nzima iliusikia isipokuwa eneo la mtambo wa Dodoma. Kwetu saa hiyo kilikwenda kipindi kingine, mpaka 1995. Ulikuwa mpango wa watafiti, Everett Rogers wa Marekani akiwemo, ili waone waliosikia wamebadilika nini ambacho wasiosikia hawakubadilika. Kitaalamu ulikuwa utafiti mzuri, na bado unatajwa popote watu wanapotaka kuthibitisha kuwa redio inabadilisha tabia. Nilimuuliza Dada kama anakumbuka. Alikuwa msichana wa shule.

"Nilikwenda likizo Mwanza kwa shangazi," akasema, "nikakuta nyumba nzima inamsema Mkwaju. Mkwaju kafanya hivi, Mkwaju kapata UKIMWI. Nikadhani ni jirani. Nikauliza anakaa nyumba gani, wakanicheka mpaka nikalia. Dereva wa lori wa redioni, nchi nzima inamjua, sisi hatumjui. Niliporudi nikamwambia mama kwamba sisi redio yetu ni mbovu."

Redio haikuwa mbovu. Nimekaa na maneno hayo siku nzima. Miaka ile UKIMWI ulikuwa unaua, na mimi sina cheo cha kuwahukumu waliopanga, huenda bila wao hata hoja ya kumwombea mfadhili huyu pesa nisingekuwa nayo. Ila nikijua ghala lina sumu, na najua la kusema, halafu ninyamaze kwa mwenye ghala hilo mpaka Agosti ili jedwali langu lipendeze, hapana.

Nimejibu saa sita usiku. Nyuma ya Kilima watapata vipindi vilevile, kwa kadi. Vijiji vitano kwa redio, kimoja kwa kadi, tulinganishe njia kwa njia. Amekubali kwa sharti kwamba pesa ya kadi itoke kwenye fungu la mafuta. Kwa hiyo Bwana Shamba ataendelea kutembea kwa miguu.

2 Mei

Kurekodi sehemu ya nne, ya chupa na chumvi. Hii naieleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo roho ya mradi.

Mkulima wa hapa anapima ukavu wa mahindi kwa meno. Anauma punje: ikilia, imekauka. Meno yanadanganya, hasa ya mtu mwenye haraka ya kuuza kabla ada ya shule haijadaiwa. Kipimo cha unyevu cha umeme bei yake haishikiki. Chumvi kila nyumba inayo. Unachukua chupa ya soda iliyooshwa ikakauka kabisa, unatia mahindi kiasi cha theluthi, unaongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, unaziba na kutikisa kwa nguvu. Unaiacha robo saa. Chumvi ikiganda ubavuni mwa chupa, mahindi bado yana maji, rudisha juani. Isipoganda, maji yameshuka chini ya asilimia 15. Hapo Bwana Shamba anasisitiza, na ana haki, kwamba 15 bado si mwisho: ghalani inatakiwa 13 na kidogo. Kwa hiyo hata chumvi isipoganda, ongeza siku moja ya jua.

Kijana wetu alitaka kuweka ngoma nyuma ya maelezo. Dada akamkatalia. Akaweka kipaza sauti kwenye shingo ya chupa, akatikisa mahindi mabichi, kisha makavu. Mabichi yanatoa mlio mzito, kama mtu anayetembea na ndala zilizolowa. Makavu yanalia kama kayamba. Tukarudia mara tano. Kijana mwenyewe ndiye aliyefumba macho akasema: "Nimeona." Ngoma haikuwekwa.

Bibi wa nyumba tuliyorekodia alitupokea kwa mbukwenyi, salamu ya Wagogo, na akaendelea kwa Cigogo, maneno matamu sana kuhusu mama yake alivyokuwa akianika uwele juu ya mwamba, si chini kwenye udongo. Kanuni za utangazaji zinataka Kiswahili au Kiingereza. Tumeacha sekunde chache za sauti yake, kisha mjukuu wake wa darasa la sita anasimulia kwa Kiswahili. Tulipomchezea asikie, akasikiliza mpaka mwisho, akamwambia mjukuu kitu, mjukuu akatutafsiria akiwa ameinama: "Anasema mmemkata ulimi mkanipa mimi."

Sina jibu zuri kwa bibi. Kwenye kadi, hata hivyo, haturushi hewani. Kwenye kadi ataongea dakika zote tatu.

15 Mei

Sehemu ya kwanza imekwenda hewani. Dakika ya 14, kimya. Nikapiga simu studio, haipokelewi. Baadaye nikaambiwa LUKU iliisha na mwenye kununua alikuwa anasubiri mwenye pesa. Umeme ukarudi, wakapiga taarabu. Jumamosi wamerudia yote.

1 Juni

Nimepeleka kadi Nyuma ya Kilima. Kadi nane, nimezipaka rangi ya kucha nyekundu na kuandika namba, sehemu ya kwanza hadi ya nne ndani yake. Tumezigawa kwa mama mwenye mashine ya kusaga, kijana wa bodaboda, fundi wa simu, zahanati, mwenyekiti, na wanawake watatu wa kikundi. Sharti ni moja: usifute. Nilijua nasema maneno ya bure, maana kadi ina nafasi na vijana wana singeli.

Kwenye mashine nilikaa saa nzima kusikiliza. Wanawake wanasubiri zamu, mashine ikizimwa kubadilisha gunia sauti ya redio inapanda. Kipindi kikisha mama mwenye mashine anakirudisha mwanzo. Mmoja akasema "ngoja, hapo pa chumvi rudia", na akarudisha. Mimi miaka yangu yote ya redio sijawahi kusikia msikilizaji anayesema rudia na redio ikarudia.

5 Juni

Sehemu ya nne haikwenda. Kulikuwa na mechi. Mechi iliisha, uchambuzi haukuisha. Saa nne kasoro nikazima.

Jumamosi wamerusha nusu, wakakata kupisha salamu za mdhamini.

Maana yake ni kwamba leo hii watu wa Nyuma ya Kilima, wasio na mawimbi, ndio pekee wilayani wenye sehemu ya nne nzima.

14 Juni

Mama wa kijiji cha pili kabipu tukampigia, tukamuunganisha na Bwana Shamba. Nanakili mazungumzo kama yalivyorekodiwa, maana nimeyasikiliza mara nyingi kuliko kipindi chochote.

"Shikamoo. Nimechagua mahindi kama mlivyosema. Yaliyovunjika, yaliyoliwa na wadudu, yenye rangi ya ajabu, nimetenga. Nimepata debe zima. Nifanye nini nalo?"

Bwana Shamba akamweleza vizuri kwamba amefanya jambo la maana, kwa sababu sumu haikai sawasawa, punje chache mbaya zinaweza kubeba sehemu kubwa ya sumu ya gunia zima. Debe hilo lisiliwe.

"Nimpe kuku?"

Usimpe, anaumia naye. Ng'ombe wa maziwa ndiyo kabisa, sumu inapita inaingia kwenye maziwa ya mtoto.

"Nipikie pombe?"

Pombe haiondoi sumu. Fukia, mama.

Kimya. Mbali kunasikika mbuzi.

"Kwa hiyo nifukie debe zima. Halafu Januari watoto wakilia, nije kwako wewe?"

Bwana Shamba hakujibu. Dada naye hakujibu. Sekunde sita kwenye rekodi, na redioni sekunde sita ni ndefu kama mwaka wa njaa. Kijana wa kuhariri akauliza aikate? Nikasema iache.

Nimefurahi kwamba tuliiacha, kwa sababu wiki nzima simu zilizokuja zilikuwa za kumjibu yule mama. Mwingine anasema fukia, mimi nilizika mwanangu 2016, debe si kitu. Mwingine anasema msitufundishe kutupa chakula, tufundisheni debe lisijae. Huyu wa mwisho katupa kipindi cha saba: kuvuna kwa wakati bila kuacha mahindi yalale chini shambani, kupukuchua bila kupiga kwa fimbo mpaka punje zipasuke, kuanika juu ya turubai au kichanja. Yote tulikuwa tumeyasema kwenye sehemu ya pili. Ila tuliyasema kama mafundisho, hakuna aliyekuwa ameshika debe.

28 Juni

Kikundi cha kijiji cha nne kimepwaya. Watu 20 wamebaki saba. Nilipofika nikakuta mzee mmoja anawapanga upya, anahesabu vichwa kwa bakora.

Akaniambia yeye alikuwa kiongozi wa kikundi cha Mtu ni Afya, ile kampeni ya afya ya redioni. Ilikuwa 1973, miaka michache baada ya Operesheni Dodoma kuwatoa watu walikotawanyika na kuwaweka vijijini. Redio moja, kijitabu kimoja, watu chini ya mbuyu, wiki 12. Nchi nzima walishiriki watu wapatao milioni mbili. Nilijua tarakimu hizo, sikuwahi kukutana na aliyekuwa chini ya mbuyu.

"Ninyi mnakosea mahali pamoja," akasema. "Mnakuja, mnasikiliza na watu, mnauliza mmeelewa? Wanasema tumeelewa. Mnaondoka. Sisi kipindi kikisha hakuna kusimama mpaka tuseme wiki hii tunafanya nini. Leo tunachimba choo cha nani. Alhamisi ijayo, kabla redio haijafunguliwa, tunakwenda kukiona kile choo."

"Na asiyechimba?"

"Anakaa mbele, peke yake, tunafungua redio."

Kuna ukali ndani ya utaratibu ule ambao mimi siwezi kuuleta leo, na sitamani kuuleta. Lakini kuhusu kutosimama mpaka useme unafanya nini, nimeinua mikono. Kuanzia sehemu ya nane, Dada anamaliza kipindi kwa swali moja na dakika mbili za kimya cha makusudi, mlio wa kayamba ya mahindi ukisikika kwa mbali. Kituo kimelalamika kwamba wasikilizaji watadhani mtambo umezimika. Nikawakumbusha kwamba wamewazoesha.

19 Julai

Mzunguko wa kuangalia. Kijiji cha kwanza, kile cha redio kushinda kijiweni. Wanajua kila kitu. Ukiwauliza wanakujibu kwa maneno ya Dada, mpaka pumzi yake wanaiga. Halafu unaingia uani unakuta mahindi chini kwenye udongo.

Mama wa nyumba moja akanipeleka nyuma kunionyesha anachokiamini: betri nne za redio zimepangwa juu ya jiwe, zinaanikwa. Betri zikichoka unazitoa juani, zinapata nguvu ya siku mbili. Betri kwenye jiwe safi, mahindi kwenye udongo. Akaona nimeona.

"Turubai lipo," akasema. "Liko kwenye msiba wa jirani, tangu Jumatatu. Utalifuata wewe?"

Turubai moja kwa nyumba 11. Linaanika mahindi, linafunika msiba, linaezeka harusi, na msimu wa mavuno ndio msimu wa harusi. Hilo hatukuliweka kwenye kipindi chochote kati ya 12. Tulizungumzia mifuko ya kinga njaa, ile yenye tabaka mbili za nailoni ndani, tukasisitiza usitie mahindi mabichi humo maana utakuwa umeyafungia na unyevu wake. Ushauri sahihi kabisa, kwa mtu ambaye ameshavuka hatua ya turubai.

Jioni, Nyuma ya Kilima. Karibu kila nyumba niliyoingia ina chupa. Watoto wamefanya mchezo: wanatikisa, wanaweka chupa kwenye mstari, robo saa wanakimbia kucheza, wanarudi kuona ya nani imeganda. Ambaye chumvi yake imeganda anasemwa mama yake mvivu. Kijana mmoja wa kijiji cha tatu alikuja huku kwenye mazishi mwezi uliopita, akarudi kwao na chupa. Kwa hiyo kijiji cha tatu, chenye mawimbi safi, kilijifunza chumvi kutoka kwa watu wasio na mawimbi. Sijui nitaliweka wapi hili kwenye jedwali la mfadhili, halina safu yake. Mifuko ya kinga njaa, lakini, hakuna aliyenunua. Duka la karibu ni mbali na kadi haiuzi mifuko.

Bibi yetu wa Cigogo nimemkuta ana umaarufu. Sauti yake ya dakika tatu inapigwa mashineni, na wazee wanaibishia, eti mwamba anaousema si ule, ni mwingine.

8 Agosti

Nane Nane, viwanja vya Nzuguni. Tumepewa meza upenyoni, kati ya muuza asali na trekta. Nimepanga chupa mbili. Watu wanapita, wanatikisa, wanauliza zinauzwa bei gani. Mnunuzi mmoja wa mahindi kutoka Kibaigwa akatikisa, akacheka, akasema yeye anatumia mkono: anazamisha mkono kwenye gunia mpaka kiwiko, gunia likiwa na joto hanunui. Nikamrekodi. Ni kipindi hicho, kama tutapata msimu wa pili.

Mfadhili alifika. Akaniuliza kwa kifupi, redio au kadi? Nikamwambia betri, turubai, na nani ameshika redio. Akasema hilo si jibu la swali lake. Kweli si jibu lake. Redio iliwafikia watu wengi kwa siku moja, na bila redio yule mama wa debe asingejibiwa na wilaya nzima. Kadi ilirudiwa mpaka ikakaririwa. Nimeandika hivyo kwenye ripoti, kurasa mbili, na ukurasa wa tatu nimeomba pesa ya maturubai sita. Ameusoma huo kwa muda mrefu kuliko mingine.

16 Agosti

Nimekwenda kukusanya kadi. Kati ya nane zimerudi tano. Ya zahanati nzima. Ya mwenyekiti haijawahi kufunguliwa, bado iko kwenye karatasi yake. Ya fundi wa simu ina vipindi vyote na picha 400 za harusi. Mama mwenye mashine amekataa kurudisha yake na mimi sikubishana naye. Mwanamke mmoja wa kikundi, mjukuu kaifuta, kaniomba msamaha, akanisomea sehemu ya nne kwa kichwa mwanzo mpaka mwisho, na mlio wa chupa akautoa kwa ulimi.

Kadi namba tatu, ya bodaboda, haijarudi. Nasikia iko upande wa Itiso, kwenye spika ya pikipiki ya mtu mwingine, na Dada anaeleza chumvi katikati ya singeli mbili.